Habari Mbaya na Imfikie Kiongozi Mapema

Asanteni. Nimeombwa niseme nilichojifunza katika miaka mingi ya kuongoza wahandisi wa programu. Nitasema moja tu, maana zana na lugha za kuandikia programu hubadilika kila kukicha. Kazi ya kwanza ya kiongozi ni kuhakikisha habari mbaya inamfikia mapema, tena kutoka kwa yule aliyeiona.

Margaret Hamilton aliongoza, kwenye maabara ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, watu walioandika programu za kompyuta za Apollo, vyombo vya Wamarekani vya kwenda mwezini. Siku moja binti yake mdogo alichezea kompyuta ya mazoezi, akachagua P01, programu ya maandalizi ya kabla ya kuruka, ilhali zoezi lilikuwa limeshafika angani. Mfumo ukaanguka. Hamilton akataka kuweka kinga. Akajibiwa kwamba wanaanga wamefunzwa vizuri, hawawezi kufanya kosa hilo. Desemba 1968, Apollo 8 ikiwa njiani kurudi duniani, mwanaanga Jim Lovell akabonyeza P01 kwa bahati mbaya, na kumbukumbu za mwelekeo wa chombo zikafutika.

Sasa tazameni kisa cha pili. Muda mfupi kabla ya Apollo 11, kule Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari, lilifanyika zoezi la kutua mwezini. Kompyuta ikatoa kengele ya hitilafu, na Steve Bales, aliyesimamia uelekezaji, akasitisha kutua. Baadaye ikabainika hapakuwa na haja. Gene Kranz, mkurugenzi wa safari, hakumwondoa Bales kwenye kiti chake. Aliagiza kila kengele ichambuliwe na hatua ya kuchukua iandikwe. Jack Garman, kijana wa miaka 24, akaandika orodha kwa mkono. Tarehe 20 Julai 1969, chombo kikishuka, ikalia kengele namba 1202. Garman alikuwa chumba cha nyuma, lakini alijua papo hapo: kompyuta imezidiwa, inaacha kazi ndogo na kushikilia zile za lazima. Akamwambia Bales, Bales akasema tuendelee. Kijana alisikilizwa ndani ya sekunde chache, na hilo halikuja lenyewe. Liliandaliwa na mkubwa wake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa imepandisha toleo jipya la programu yake kwenye seva, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo, saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na programu ya zamani. Kabla soko la hisa halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 zilizotaja hitilafu, na hakuna aliyechukua hatua. Dakika 45 baada ya soko kufunguliwa, zaidi ya dola milioni 400 zilikuwa zimepotea. Wengi humtaja fundi aliyeisahau seva. Mimi nasema tuanze na hizo barua: nani alipewa jukumu la kuzisoma?

Mahali fulani nilipofanya kazi, hesabu za mfumo wa malipo zilikuwa hazilingani. Katika daftari la zamu, kwa kalamu ya risasi, nilikuta kijana ameandika: "Salio limepungua shilingi 200, nimeangalia tena, bado." Alikuwa ameandika hivyo usiku baada ya usiku. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Mzee, aliyesema kabla yangu aliambiwa yeye ni mgeni hapa." Niliumia sana. Shilingi 200 ni kidogo, lakini kumbe watu walikuwa wamefundishwa kunyamaza.

Tangu hapo, popote ninapoongoza, daftari la zamu hulisoma mimi asubuhi kabla ya kikao chochote, na aliyeandika ndiye anayeeleza, hata kama ana wiki moja kazini. Na aliye zamu ya usiku ana ruhusa ya kusimamisha malipo bila kumpigia mtu simu. Akisimamisha na ikaonekana hapakuwa na tatizo, tutapoteza mapato ya saa moja, na nitakayekwenda kuwaeleza wakurugenzi ni mimi.