Mali bila daftari: maktaba tunazozipachika kwenye Linux

Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta na wasimamizi wa seva, Nairobi

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, najua foleni ya Thika Road saa hizi si mchezo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilia na jambo hili: kupachika kwa mkono maktaba, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja, badala ya kuiomba apt, chombo cha kuweka vifurushi kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina mbili za Linux. Leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa mashine zenye kasoro ile ile, na kuizuia ni kazi ya dakika moja.

Nani hapa hajawahi kuona maneno haya kwenye skrini: `zlib.h: No such file or directory`? Sioni mkono. Basi tunaelewana. Unakompaili programu, yaani unageuza msimbo wake uwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, kompaila inagoma, inasema haioni zlib.h, faili ya kichwa inayoieleza yaliyomo ndani ya zlib, maktaba ya kubana data. Sasa unafanya nini? Naomba jibu la kweli, si la mtihani. Unayanakili maneno yale, unayatafuta mtandaoni, unapata mwongozo wa mtu usiyemjua, unapakua msimbo wa zlib, unaufungua, kisha `./configure`, `make`, `sudo make install`. Imekubali. Unarudi kwenye programu yako na hufikirii tena.

Hapo ndipo ninapokasirika. Zlib ulikuwa nayo tayari! Git inaitumia. Seva ya ssh, ile ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, inaitumia. Ulichokosa si maktaba, ni faili za kukompailia. Debian na Ubuntu huigawa kila maktaba ya pamoja katika vifurushi. Kifurushi cha `zlib1g` kina maktaba yenyewe, ile ambayo programu huitafuta inapoanza kazi. Kifurushi cha `zlib1g-dev` kina zlib.h na vitu vingine anavyovihitaji mwenye kukompaili. Anayetumia kompyuta kuandika barua na kusoma habari hana haja na hicho cha pili, ndiyo maana hawekewi. Wewe unakihitaji, basi kiombe: `sudo apt install zlib1g-dev`. Kwisha. Hujui jina la kifurushi? Weka `apt-file`, iambie `apt-file update`, halafu `apt-file search zlib.h`. Itakutajia.

Sasa kisa, na waliokisikia wanivumilie, maana bila kisa hiki mnaona ninabishana na hewa.

Kuna kampuni hapa mjini, jina nalihifadhi, ilikuwa na seva ya Debian 11. Msimamizi wake alikuwa makini sana, hakosi kuweka masasisho. Agosti 2022 ikatoka habari ya tundu la usalama ndani ya zlib, lililopewa namba CVE-2022-37434. Data ya gzip, umbo la faili zilizobanwa, iliyotungwa kwa hila, ambayo kichwa chake, yaani maelezo yake ya mwanzo, ni kirefu kuliko kinavyotarajiwa, ingeweza kuifanya maktaba iandike nje ya nafasi yake kwenye kumbukumbu, katika programu zinazoiomba isome kichwa hicho. Debian wakatoa kiraka mwezi huo huo. Msimamizi akakiweka, akaiuliza dpkg, chombo kinachotunza rekodi za vifurushi, kwa `dpkg -l zlib1g`, akaona toleo lenye `deb11u2` mwishoni, ndilo lenye kiraka. Akawasha upya huduma zote, akaandika ripoti kwamba tundu limezibwa. Mimi ningemlaumu kwa lipi? Alifanya kila alichofundishwa.

Mimi niliitwa kwa shida nyingine kabisa. Katika kupekua nikafungua `/proc`, nikaangalia ramani ya kumbukumbu ya programu moja iliyokuwa inaendelea kazi, nione imepakia maktaba zipi. Nikaona `/usr/local/lib/libz.so.1.2.11`. Si `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, ambako apt huweka. Nikaangalia programu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Tukauliza huku na huku, ikajulikana kwamba miaka ya nyuma kijana aliyekuja kwa mafunzo ya kazini alikwama kwa zlib.h, akafuata mwongozo, akapiga `sudo make install`, mambo yakaenda, akamaliza muda wake, akaondoka. Zlib yake ilikuwa 1.2.11 mbichi. Ndiyo iliyokuwa ikitumika muda wote huo. Kiraka cha Debian kiliingia kwenye diski kikakaa pale, hakuna aliyekigusa.

Imewezekanaje? Sikilizeni vizuri. Kuna kijiprogramu, `ld.so`, kinachotafuta maktaba kila programu inapoanza. Kinasoma orodha iliyotayarishwa na `ldconfig`, na `ldconfig` husoma saraka ya `/etc/ld.so.conf.d` faili moja moja kwa mpangilio wa alfabeti. Kwenye Debian na Ubuntu, faili ya `libc.conf` inataja `/usr/local/lib`. Faili ya `x86_64-linux-gnu.conf` inataja saraka za mfumo. Herufi l iko kabla ya x. Kwa hiyo kilichopachikwa kwa mkono kinatangulia, na cha mfumo kinafuata. Na kompaila nayo huangalia `/usr/local/include` kabla ya `/usr/include`. Kila kilichokompailiwa kwenye seva ile baada ya siku ile kilisoma vichwa vya yule kijana.

Na angalieni hili la matoleo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hunibishia kwamba Debian ni kuukuu. Ile zlib ya Debian 11 nayo inaitwa 1.2.11! Namba ni ile ile. Debian hawabadilishi toleo katikati ya safari, wanachukua kiraka tu na kukishonea kwenye toleo walilo nalo, halafu wanaongeza alama mwishoni. 1.2.11 ya apt ilikuwa salama. 1.2.11 ya kijana ilikuwa na tundu. Ukiangalia namba ya mbele peke yake hutajua lolote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu ni dpkg. Uliza `dpkg -S` kuhusu faili yoyote iliyoletwa na apt, itakutajia kifurushi chake. Uliza kuhusu ile ya `/usr/local/lib`, itakwambia hakuna kifurushi kinachoimiliki. Haikuandikwa, kwa hiyo haitasasishwa, haitaondolewa, na hakuna chombo kitakachokukumbusha kwamba ipo.

Najua mtakachosema. Mtasema, lakini mwalimu, `/usr/local` si iliachwa kwa ajili yetu wasimamizi? Ndiyo, iliachwa, na sina ugomvi na programu ukiiweka pale. Programu ya `/usr/local/bin` inamgusa anayeiita. Maktaba ni jambo jingine. Maktaba inaingia ndani ya programu ambazo wewe hukuziandika, hukuzikompaili, na hata hujui kwamba zinaitumia. Ulitaka kukompaili kazi yako ya darasani, ukabadilisha ssh ya kampuni nzima. Kama ni lazima uwe na toleo lako, liweke ndani ya `/opt` au saraka yako ya nyumbani, na programu yako peke yake ndiyo ielekezwe huko.

Mwingine atasema basi kila programu ije na nakala yake ya maktaba, tuachane na hizi za pamoja. Hilo lilijaribiwa. Machi 2002 zlib 1.1.3 ilikutwa na kosa la kuachilia kumbukumbu ile ile mara mbili, likarekebishwa katika 1.1.4. Waliotumia maktaba ya pamoja walisasisha kifurushi kimoja wakamaliza. Lakini programu nyingi zilikuwa zimenakili zlib ndani ya msimbo wao, hata kerneli, kiini cha Linux yenyewe, na hizo zikabidi zisakwe moja baada ya nyingine. Na kwetu hapa kuna suala la bando. Kifurushi cha `zlib1g` hakifiki kilobaiti 100. Ukisasisha hicho tu, programu zote za kwenye laptop yako uliyoinunua mtaa wa Luthuli zimetengenezeka. Kama kila moja ingebeba nakala yake, ungezipakua zote upya, na bando ni la kwako, si la aliyeandika programu.

Naona mkono pale nyuma. Dada, sema... Ndiyo, xz, chombo kingine cha kubana data. Nilijua litakuja. Mnakumbuka mwisho wa Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa ssh kunachelewa kidogo kuliko kawaida, akafuatilia, akagundua mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya liblzma, maktaba ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Dada anasema, hiyo ilikuja kwa vifurushi, kwa apt yenyewe. Kweli kabisa, ilikuja, ingawa haikufika Debian ile thabiti. Lakini ilikuwa imeandikwa kwenye daftari! Kila msimamizi aliuliza swali moja akapata jibu: ninayo au sina. Na Debian wakatoa kifurushi chenye namba ya ajabu, `5.6.1+really5.4.5-1`, yaani msimbo wa zamani uliopewa namba kubwa ili apt ikubali kuuweka juu ya ule mbovu. Sasisho la kawaida likauondoa. Niambie, dada, ungeiondoaje kwenye mashine ambazo watu walijipachikia wenyewe bila kumwambia mtu?

Nimetumia muda mwingi, niende haraka.

Jina la maktaba. Ndani ya faili ya maktaba kumeandikwa jina, kwa zlib ni `libz.so.1`. Lione kwa `objdump -p`. Jina hilo ni ahadi: maadamu namba ile ya mwisho haijabadilika, programu za zamani zitaendelea kufanya kazi. Sasa kuna tabia ambayo ninaomba ikome. Programu ya zamani inataka `libssl.so.1.1` ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, mashine mpya ina `libssl.so.3`, na mtu anaunda kiungo kwa `ln -s`, ya 3 ijifanye 1.1. Msifanye hivyo! Kwa OpenSSL una bahati, kila kipengele kimepigwa muhuri wa toleo, kwa hiyo programu itakataa na kulalamika kwamba haioni `OPENSSL_1_1_0`. Kwa maktaba isiyo na mihuri, programu itakubali kuwaka, itasoma kumbukumbu kwa mpangilio usio wake, na itakuharibia data kimya kimya kabla haijaanguka.

Ndiyo sababu jina la kifurushi hubeba ile namba. Na wakati mwingine hubeba zaidi. Ile g ya `zlib1g` ilibaki tangu miaka ya 1990, wakati wa kuhama kutoka libc5 kwenda libc6, matoleo ya maktaba ya msingi ya lugha ya C. Mkiona `libssl3t64` kwenye Ubuntu 24.04 au Debian 13, hiyo t64 ni maandalizi ya 19 Januari 2038, siku ambayo saa ya biti 32 itafika mwisho. Mliofunga miradi yenu kwenye vibodi vya ARM vya biti 32, hilo linawahusu, tulizungumze baadaye.

Python: tangu Debian 12, pip, chombo cha kuweka maktaba za Python, inakataa kuandika juu ya Python ya mfumo. Msiizime kwa `--break-system-packages`. Tumieni `venv`, mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi wako. Kontena, yaani kisanduku kinachobeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji: kila picha, yaani kiolezo cha kontena, ina nakala yake ya maktaba, kwa hiyo mwenye kontena 20 ana zlib 20 za kusasisha, na asipozijenga upya yuko kule kule 2002.

Kufungasha kwenyewe nilitaka tukufanye hapa, muda hautoshi. Kwa ufupi, acheni kuogopa saraka ya `debian/`, yenye maelekezo ya kufungasha. Maktaba yako iende kwenye kifurushi chenye jina lenye namba, vichwa viende kwenye `-dev`. `dh_makeshlibs` itaandika maktaba inatoa nini, `dpkg-shlibdeps` itaangalia programu inahitaji nini na kujaza utegemezi yenyewe. Andika mapema faili ya symbols, orodha ya vipengele ambavyo maktaba inatoa. Mwenye maktaba yake aje Jumamosi na laptop, tutaifungasha pamoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Swali la mwisho... Anauliza, nikirudi ofisini nikaikuta libz ndani ya `/usr/local/lib`, nifanye nini? Vizuri sana, hilo ndilo la kufanya kesho asubuhi. Kwanza hakikisha ya mfumo ni nzima: `dpkg -V zlib1g`, ikinyamaza iko sawa. Kama saraka ya ule msimbo bado ipo, ingia humo, `sudo make uninstall`. Kama haipo, ondoa kwa mkono `libz.so` na ndugu zake, `libz.a`, `zlib.h`, `zconf.h` na `zlib.pc`, zote za chini ya `/usr/local` tu, usiguse kwingine. Kisha `sudo ldconfig`, halafu `ldconfig -p | grep libz.so`, usione tena `/usr/local`. Programu zitaikubali ya mfumo bila kukompailiwa upya, maana jina la ndani ni lile lile. Lakini zilizokuwa zinaendelea kazi bado zinaishika ile ya zamani kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ziwashe upya zote, ssh ikiwemo. Na kabla hujafunga dirisha lako la ssh, fungua la pili uhakikishe unaingia.