Nani kamjibu nani? Elektroni mbili za Delft

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Kuna bwana kanishika pale mlangoni, anasema mwalimu, kama chembe mbili zimefungamana, yaani hali zao zimeunganishwa hata zikiwa mbali, ukiipima moja nyingine inajibu papo hapo, si tumeshaipita kasi ya mwanga hapo, Einstein aliyesema hakuna kinachoupita mwanga kaishia wapi sasa?

Silikwepi. Twendeni Delft, Uholanzi, mwaka 2015. Jamaa wa chuo kikuu cha pale walichukua vipande viwili vya almasi, kila kimoja na elektroni yake, wakavitenganisha kama kilomita 1.3, elektroni hizo wakazifungamanisha. Mwanga wenyewe pamoja na mbio zake za kilomita 300,000 kwa sekunde, kukatiza hapo unatumia maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 4 na ushee, wao wakachagua kipimo, yaani elektroni ipimwe kwa upande gani, na kusoma jibu, juu au chini, pande zote mbili kabla hizo 4 hazijaisha. Kazi ya subira ile, masaa 220 wakaambulia matukio 245 tu, yaani jozi zilizofungamana na kupimwa.

Najua mtu anasema aah, hiyo si kama kandambili, ya kulia umeitia begi la Mwanza, ya kushoto la Tanga, ukifungua moja nyingine unaijua, ajabu iko wapi? Mwanafizikia John Bell alishaziba hiyo njia 1964: kama majibu yamepangwa tangu begini na hakuna kinachoupita mwanga, kuna kikomo ambacho ulinganifu wa majibu hauvuki, na kwa hesabu waliyotumia Delft kikomo hicho ni 2. Delft walipata 2.42. Kandambili hazifiki huko, fungasha unavyojua.

Basi ujumbe umepita? Wapi! Chukua daftari la upande mmoja: juu, chini, chini, juu, vurugu tupu kama kurusha shilingi, na mwenzako kule abadilishe kipimo mara mia, vurugu lako ni lile lile. Ule ulinganifu hauonekani mpaka madaftari yakutane, na ili yakutane lazima mpigiane simu, na simu haimshindi mwanga mbio.

Halafu hapa ndo patamu. Nani alipima kwanza? Kwa matukio ya namna hii, ambayo mwanga hauwahi kutoka moja hadi jingine, rilativiti, nadharia ya Einstein, inasema hakuna jibu moja, anayepita kwa kasi kubwa kuelekea huku ataona hii imetangulia, wa kule ataona kinyume, na wote wako sahihi. Sasa nani kamjibu nani? Ndo maana hilo neno lako "inajibu", bwana, mimi silipendi, na hesabu za kwantumu zenyewe hazijali uanze na ipi, namba zinatoka zile zile.

Eeh, mkono ule pale dirishani.