Mikato 10 ya Hitchcock, na vaselini

KIANGO: Wasikilizaji, Jumanne umeme umekatika niko dakika ya 50 ya Rope. Filamu ya mwongozaji Alfred Hitchcock, 1948, dakika 80, mikato 10 tu, yaani mara 10 tu shoti moja inaisha na nyingine inaanza. Wa 11 nimeupata nyumbani.

ZUHURA: Na huo haukufichwa.

KIANGO: Alificha mitano. Kamera inamfuata mtu mpaka koti lake linaziba picha yote, giza, wanaweka rili mpya ya filamu, wanaanzia palepale. Minne ni migongo ya watu, wa tano kifuniko cha kasha.

ZUHURA: Kasha lenye maiti, na wageni wanaandaliwa chakula juu yake! Haya, waambie kwa nini hakuficha yote.

KIANGO: Rili ya kamera ni futi 1,000. Filamu ya milimita 35 inakula futi 90 kwa dakika, kwa hiyo dakika 11 hivi, basi. Rili ya projekta enzi hizo ilikuwa futi 2,000. Kila rili mbili za kamera, operata wa sinema alihamia mashine ya pili. Hapo Hitchcock alikata waziwazi, maana operata akichelewa kidogo, ule ujanja wa koti unaumbuka mbele ya watu.

ZUHURA: Sasa kamera yenyewe. Kamera ya Technicolor, ile ya filamu za rangi, ilikuwa jitu, na inapita sebuleni.

KIANGO: Ndiyo maana kuta zilikuwa zinasogea. Kamera ikija, ukuta unaondoka; ikirudi, ukuta uko mahali pake. Na reli za kuta zilipakwa vaselini zisipige kelele.

ZUHURA: Vaselini!

KIANGO: Nyingi.

ZUHURA: Basi wale wasukuma kuta walirudi makwao wana mikono laini kuliko ya James Stewart, nyota wa filamu.

KIANGO: Dada, tusikilizane. Meza nazo zinaondolewa, viti vinarudishwa kabla mtu hajakaa. Mmoja akikosea dakika ya 9, mnarudia zote tisa.

ZUHURA: Kwa faida gani? Kipaji cha Hitchcock ni kukata. Mauaji ya bafuni katika filamu yake Psycho, siku saba kupiga sekunde 45 hivi. Na Rope, mwenyewe alikuja kumwambia mwongozaji Mfaransa Truffaut kwamba ulikuwa upuuzi.

KIANGO: Msanii si hakimu wa kazi yake. Mtazame Bi Wilson, mtumishi wa nyumba, anavyoondoa vyombo juu ya kasha. Anaenda jikoni, anarudi. Wenzake unawasikia tu pembeni. Kamera haimwachi. Ukikata hapo, mtazamaji anapumua.

ZUHURA: Anayekubana pumzi ni maiti, kaka, si shoti ndefu. Katika filamu yake Notorious, 1946, kamera inashuka toka juu ya ukumbi mpaka kwenye ufunguo mkononi mwa Ingrid Bergman. Shoti moja, imefika, anakata. Inatosha!

KIANGO: Haitoshi.

ZUHURA: Mwaka mmoja baada ya Rope akarudia shoti ndefu katika Under Capricorn, hasara tupu.

KIANGO: Hasara ya mlangoni si ubaya wa shoti.

ZUHURA: Sikubali.

KIANGO: Nami sikubali.

ZUHURA: Bado vaselini ilikuwa nyingi mno.

KIANGO: Umeniharibia kipindi. Tulipanga kuanzia The Pleasure Garden, 1925, mpaka Family Plot, 1976, na mafunzo matatu kwa wanaopiga filamu fupi.

ZUHURA: Zimebaki dakika ngapi?

KIANGO: Moja. Na chaji ya simu asilimia nne.

ZUHURA: Basi tukate waziwazi.

KIANGO: Tufiche. Nageuka, nipe mgongo wa—