Mama mdogo, hii ndiyo kazi ninayosomea huku Praha

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu hamjambo. Leo nazungumza nanyi kwa video nikiwa Holešovice, mtaa wa Praha, mji mkuu wa Wacheki, ng'ambo ya mto Vltava. Hilo jengo refu lenye vioo mnaloliona nyuma yangu ni Veletržní palác. Lilijengwa kati ya 1925 na 1928 kwa maonyesho ya biashara, mchukulie kama Sabasaba ya kwetu, ila iliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa. Liliungua vibaya mwaka 1974, wakalifufua, na tangu 1995 Galeri ya Taifa inaonyesha humo sanaa yake ya kisasa. Mimi huja hapa karibu kila wiki na daftari langu.

Juzi mama mdogo alinipigia kutoka Temeke. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo historia ya sanaa ukishaimaliza, utakuwa unafanya kazi gani hasa?" Nilimjibu juu juu, na jibu lile limenikera mwenyewe tangu siku hiyo. Kwa hiyo mama mdogo, kaa vizuri. Leo nakujibu kwa kumtaja mtu mmoja: Vincenc Kramář, mwanahistoria wa sanaa wa Kicheki.

Wanaosoma siasa za huku wasimchanganye na Karel Kramář, waziri mkuu wa kwanza wa Chekoslovakia. Huyu wangu hakuwa mwanasiasa. Alizaliwa mwaka 1877 Vysoké nad Jizerou, mji mdogo kaskazini mwa Bohemia, sehemu ya magharibi ya nchi ya Wacheki, kwenye familia yenye uwezo, akaenda kusoma Vienna kwa Franz Wickhoff na Alois Riegl. Walimu hao walikuwa miongoni mwa watu walioifanya historia ya sanaa iwe elimu yenye taratibu zake. Kabla hujasema kitu ni kizuri au kibaya, kitazame. Chombo kimepita wapi, mkono umekaza wapi, kilitengenezwa lini, kinafanana na kipi, kilitoka kwa nani kikaenda kwa nani. Kramář alianza na sanaa ya kale, sanamu za Kigothi, yaani za makanisa ya zama za kati, za huku Bohemia, wala hakuziacha. Mwaka 1935, akiwa mtu mzima mwenye jina, aliandika utafiti mzima juu ya sanamu moja tu ya Bikira Maria ya Strakonice.

Nawaambia haya kwa sababu watu wakisikia habari zake hukimbilia picha alizonunua za Picasso, mchoraji maarufu aliyekuwa akiishi Paris. Picasso alikuja baadaye. Jicho lilikuwa limeshafundishwa.

Kuanzia 1910 akawa anasafiri kwenda Paris. Picasso alikuwa hajafikisha miaka thelathini, na picha zake za wakati ule, zile za watu waliovunjwavunjwa kuwa pembe na vipande, wengi waliziona kama uharibifu wa turubai. Kramář akaingia kwenye duka dogo la picha la Daniel-Henry Kahnweiler, akaingia kwa muuza picha mwingine, Ambroise Vollard, akatazama jinsi alivyofundishwa kutazama, kisha akanunua kwa fedha zake mwenyewe. Kwa Vollard alipata kichwa cha shaba cha mwanamke ambacho Picasso alikitengeneza 1909. Akanunua pia picha ya mwaka 1907 ambayo Picasso alijichora mwenyewe: koti la rangi nzito, shati jeupe, mistari minene, na macho makubwa yanayokufuata popote unaposimama. Leo picha hiyo ni mali ya Galeri ya Taifa ya hapa, na ikitajwa Praha kwenye mazungumzo ya sanaa ya karne ya 20, mara nyingi ndiyo inayotajwa kwanza.

Sasa fikirieni maana yake kwa vijana wachoraji wa Praha. Nyumbani kwa Kramář waliweza kusimama mbele ya kazi zenyewe, wakaona rangi ilivyowekwa, si kwa kusimuliwa wala kwa picha ya gazeti. Emil Filla alikuwa mmoja wao. Mwaka 1911 wasanii, wasanifu majengo na waandishi waliunda kikundi chao, na Kramář akawa pamoja nao. Hawakukaa kwa amani muda mrefu. Filla na Kramář walishikilia kwamba njia ya kweli ni ya Picasso na mwenzake Braque. Mchoraji Josef Čapek na wenzake waliona kubismu, yaani mtindo huo wa pembe na vipande, ni uwanja mpana zaidi, mwaka 1912 wakajitoa. Nikisoma mabishano yao nawaona ni watu wanaogombana kwa sababu jambo lenyewe wanalipenda. Upande wangu ni wa Čapek, na muda si mrefu nitawaambia kwa nini.

Vita vya 1914 vikakata safari zote. Kahnweiler alikuwa Mjerumani, kwa hiyo mali yake ya Paris ilitaifishwa kama mali ya adui, na baada ya vita ikapigwa mnada kati ya 1921 na 1923. Huku Praha, Kramář alikabidhiwa mwaka 1919 galeri ya Chama cha Wazalendo Wapenda Sanaa, chama kilichoanzishwa 1796, akaiongoza miaka 20. Mwaka 1921 akatoa kwa Kicheki kitabu chake juu ya kubismu, wakati ambapo vitabu vya jambo hilo popote duniani vilikuwa vya kuhesabika. Hapo ndipo mama mdogo namwomba aone kazi yenyewe ilivyo. Asubuhi unapanga na kutunza michoro ya miaka mia nne iliyopita. Jioni unaandika juu ya mchoro ambao rangi yake bado ni mbichi. Na yote mawili unayafanya kwa uaminifu uleule.

Halafu ikaja 1939. Tarehe 1 Septemba, siku Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Wanazi waliwakamata Filla na Josef Čapek siku hiyohiyo. Filla alipitia kambi ya mateso ya Buchenwald akarudi hai. Čapek hakurudi, alifia kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945. Ndiye, jamani, aliyempa ndugu yake Karel, aliyekuwa mwandishi, neno "robot" mwaka 1920, neno ambalo hata mtoto wa chekechea kwetu analitamka. Tayari homa ya mafua ya 1918 ilikuwa imemchukua mchoraji mwenzao Bohumil Kubišta, na mchongaji Otto Gutfreund alizama kwenye mto huuhuu Vltava mwaka 1927. Mtu aliyebaki na kumbukumbu za nani alifanya nini, lini, na kwa nini, alikuwa mwanahistoria wao.

Baada ya 1948 watawala wapya, Wakomunisti, nao hawakuitaka kubismu. Waliiita sanaa ya mabepari isiyo na maana kwa wananchi. Kramář akazeeka na picha zake. Mwaka 1960, ambao ndio aliofariki, aliutoa mkusanyiko wake kwa Galeri ya Taifa. Miaka 40 ikapita. Mwaka 2000 watafiti wawili, Vojtěch Lahoda na Olga Uhrová, wakaandaa maonyesho makubwa juu yake hapa Praha. Mwanahistoria wa sanaa akafanyiwa utafiti na wanahistoria wa sanaa, kwa kuwa alikuwa ameacha maandishi ya kufuata: alichonunua, kwa nani, lini.

Sasa Čapek. Huyu, tangu miaka ya Vita vya Kwanza, alikuwa anaandika juu ya sanaa ya Afrika na ya mabara mengine, na kitabu kikatoka 1938. Aliitazama kama sanaa kamili, iliyofanywa na watu wenye akili na jicho. Kwa mzungu wa zama zile si jambo dogo, na ndiyo sababu nampenda. Lakini nenda kwenye makusanyo ya Ulaya ya miaka ile, utafute jina la mchongaji. Utakuta eneo, utakuta kabila, pengine mwaka kilipoletwa. Mwenye mkono hayupo.

Mimi ni mtoto wa mchongaji. Baba alichonga mpingo Mwenge, Dar es Salaam, tangu sijazaliwa mpaka mikono ilipokataa. Nimekua na sauti ya tezo asubuhi na vumbi la msasa kwenye uji. Alichonga ujamaa, ile mihimili ya watu wanaobebana, na kila uso aliupa sura yake. Wateja walinunua, wakafunga kwenye magazeti, wakaenda uwanja wa ndege. Hakuna aliyemuuliza jina, na yeye hakuliandika, maana hakuna aliyemwambia kwamba jina ni sehemu ya kazi.

Majira ya baridi yaliyopita niliona ujamaa kwenye dirisha la duka la vitu vya kale hapa mjini. Kikaratasi kiliandikwa: Afrika Mashariki, karne ya 20. Niliingia nikaomba kukigeuza. Kitako kilikuwa safi. Hakikuwa cha baba, mkono wake naujua, yeye masikio aliyachonga kwa pigo moja la patasi. Kilikuwa cha baba wa mtu mwingine. Nilikaa nje kituo cha tramu muda mrefu siku ile.

Kwa hiyo mama mdogo, hiyo ndiyo kazi. Ninajifunza kwa Wacheki namna ya kufuata kitu kimoja mpaka kwa aliyekitengeneza, na nikirudi naanzia Mwenge. Mnaonitazama mkiwa na vinyago nyumbani, nisaidieni kuanzia leo. Kigeuzeni. Kama mnakumbuka mlikonunua, rudini mkaulize nani alikichonga, wazee wengi bado wapo. Andikeni kwa penseli kwenye karatasi, jina, mahali, mwaka, mkaibandike kwenye kitako, kisha mnitumie picha.

Na wewe mama mdogo, kile kirefu kilicho pembeni ya redio, chenye mwanamke aliyebeba mtoto juu kabisa, baba alikimaliza mwaka niliozaliwa, 1998. Jina lake unalijua. Kichukue usiku huu uandike.