Hilo gari limenigharimu kiasi gani? Haya, leo nasema

Habari zenu wadau. Mnisamehe kwa kelele, hiyo ni mvua juu ya bati la gereji. Coventry hiyo, nimeizoea.

Tangu niweke ile video ya gari jekundu, swali ni moja tu: "Kaka, hilo gari umenunua shilingi ngapi?" Likifuatiwa na, "Na mama je, umemjengea?" Yote nitayajibu, tulieni.

Kwanza sijanunua. Nimelichomelea mwenyewe. Na kabla hujaandika kwamba najionesha, jua kuwa nilikuwa natoka zamu ya ghala saa nne usiku ndiyo nashika grenda. Boksi nabeba kama wengine. Na yule atakayesema nalalamika, kama mlivyosema kwenye video ya baridi: nimeulizwa, najibu. Sasa nikae kimya?

Kinachowachanganya watu ni ile pauni 250. Mwaka 1996 kilitoka kitabu hapa Uingereza kikasema unaweza kujijengea gari la spoti kwa pauni 250. Watu wanaikuta hiyo namba mtandaoni, wanazidisha kwa shilingi, wananiuliza pesa nyingine nimepeleka wapi. Jamani, 1996! Na hata hapo ilibidi uwe na bahati ya vyuma chakavu.

Umbo lenyewe limeigwa gari linaitwa Lotus Seven, la Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, la mwaka 1957. Skwea paipu, viti viwili, injini mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, basi. Chapman alitaka wepesi kuliko nguvu. Na wakati ule wengi waliinunua ikiwa vipande vipande wakaunga nyumbani, kwa sababu ukiinunua hivyo unakwepa kodi. Kwa hiyo hili gari tangu linazaliwa lilikuwa linapigana na makaratasi.

Mimi nilianza na Mazda MX-5 iliyooza. Hizi gari hapa zinaliwa na kutu chini ya milango kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu. Injini nzima, giaboksi nzima, difu nzima, bodi maiti. Nililipa pauni 600, nikauza viti na milango nikarudisha kama 300. Vyuma vya chesisi, skwea paipu ya milimita 25, unene milimita 1.6, vilinigharimu pauni 230. Hapo ndipo kila mtu anadhani hesabu imeisha.

Haijaisha. Tairi, breki, tangi, radieta, nyaya, rangi. Ukijumlisha yote bila pango, nimetumia kama 6,900. Pango ndilo halisemwi: hii gereji ni pauni 65 kwa mwezi, na nimekaa humu miezi 38. Piga mwenyewe. Inakuja 2,470. Chesisi kumi na bado chenji inabaki!

Na usije ukabadilisha kwa shilingi ukasema ningenunua viwanja. Hizo pesa zilitoka kidogo kidogo, mwezi huu breki, mwezi ujao hakuna kitu kwa sababu binamu amepiga simu ada. Huyo huyo binamu ndiye aliyeandika kwenye video kwamba mama analala nyumba inavuja. Nimeuona ujumbe wako, mwana wa shangazi. Nyumba ya Muheza niliipaua 2019, bati geji 28, na fundi ulimleta wewe. Tuishie hapo.

Turudi. Gari la kujijengea hapa huliingizi barabarani hivi hivi. Kuna ukaguzi unaitwa IVA. Nililipa 450, nikasubiri tarehe, nikalipeleka kwenye trela la kukodi. Mkaguzi alikuwa mstaarabu, sina neno naye. Lakini anapima kila kitu: moshi, kelele, mikanda, taa, breki, spidi mita kama inasema kweli. Ncha yoyote ya nje ambayo mtu anaweza kuigusa lazima iwe imeviringwa. Mimi nina bolti zaidi ya sitini za nje. Nilikaa wiki nzima nazivalisha vifuniko vya plastiki kama kofia za watoto wachanga.

Nikafeli. Tena si kwa bolti. Mkaguzi alikata kona polepole, akaachia usukani. Usukani unatakiwa urudi wenyewe kuelekea katikati. Wangu ukabaki pale pale, umenuna. Gari jepesi, nimelipima kilo 590, halina uzito wa kuusukuma urudi. Nimerudi gereji nikalegeza mikono ya juu inayoshika tairi za mbele, nikaweka washa, vile visahani vya bolti, ili juu ya mguu wa tairi palale nyuma kidogo. Nusu saa ya kazi. Kulirudisha kwa mkaguzi ilikuwa trela tena, siku ya kazi tena, na pauni 90.

Ukishapita ndiyo unaanza usajili. Fomu, risiti zote, picha za kila hatua. Mimi ya skwea paipu nilikuwa nayo, ya difu sina, kwa sababu ilikuja ndani ya Mazda! Barua zilikwenda na kurudi miezi miwili. Mwisho nikapewa namba inayoanza na Q. Hiyo wanapewa magari ambayo umri wake au asili yake haieleweki. Mimi siku niliyochomelea paipu ya kwanza naijua hadi saa, lakini haya.

Sasa mnaoniuliza inbox kama mjenge: sijui maisha yako. Mimi sina mtoto hapa, kuchomelea nilijifunza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla sijasafiri, na jirani yangu hajali kelele. Wewe unaweza kuwa na vyote hivyo na bado ukachoka mwezi wa tatu. Mdau mmoja wa Nairobi amenitajia Nyayo Pioneer, lile gari la Kenya la 1990, kwamba hata serikali ilijaribu ikakwama. Ndugu yangu, ile ilitaka kuwa kiwanda. Mimi nilitaka gari moja.

Bima sijaigusa leo, hiyo ina video yake, na nitakuwa na hasira.

Mama nilimpigia video Jumapili, nikalizungushia simu alione lote. Shikamoo, marahaba, amelitazama kimya. Akauliza mizigo inakaa wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza, "Na paa?" Nikamwambia halina paa mama, linajengwa hivyo hivyo.

Akasema, "Langu ulilimaliza. Hilo lako unangoja nini, na huko mvua kila siku?"