Percina tanasi na Mto Uliofungwa

Mabibi na mabwana, samaki ninayetaka tumwangalie jioni hii hatimizi urefu wa sentimita 9. Ana rangi ya kahawia, na mgongoni ana mabaka manne meusi yaliyokatiza, hivi kwamba akitulia juu ya changarawe, mtu aliyesimama ukingoni hawezi kumtofautisha na mawe. Chakula chake kikuu ni konokono wadogo wa majini. Wanasayansi humwita Percina tanasi, na maskani yake ya asili ni mfumo wa mto Tennessee, kusini-mashariki mwa Marekani.

David Etnier, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Tennessee, alimgundua Agosti 1973 alipokuwa akipiga mbizi katika mto Little Tennessee, wakati ujenzi wa bwawa la Tellico katika mto huohuo ulikuwa umekwisha kuanza. Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu wengi wamesimulia kisa hiki kama ugomvi wa samaki na saruji, bila kueleza bwawa lingemdhuru vipi. Samaki huyu hutaga mayai kwenye changarawe safi, penye maji mafupi yaendayo kasi. Vifaranga wakianguliwa huchukuliwa na mkondo hadi kwenye maji yaliyotulia, na wakishakua kidogo huupanda mto kurudi walikototolewa. Ukuta huikata safari hiyo, na tope linalotuama nyuma yake huifukia changarawe pamoja na konokono.

Tarehe 15 Juni 1978, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka haikuacha mwanya wa kulimalizia bwawa, hata kama mamilioni ya dola yalikwisha kutumika. Mwanzoni mwa 1979, kamati maalumu iliyopewa uwezo wa kuliruhusu bwawa ilikataa kwa kauli moja, kwa kuwa hata gharama ya kulimalizia tu ilizidi faida yake. Kwangu mimi hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyosahauliwa upesi. Bunge lilipenyeza kifungu cha kuliruhusu bwawa katika muswada wa matumizi ya serikali, Rais Jimmy Carter akautia saini, na Novemba mwaka huohuo milango ya bwawa ikafungwa.

Samaki waliokuwa wamehamishiwa mto Hiwassee walizaana, wengine wakaonekana katika mito mingine ya mfumo huo, na mwaka 2022 spishi hii ikaondolewa katika orodha ya walio hatarini. Mto wenyewe haukurudi: takriban kilomita 53 za maji yaliyokuwa yakitiririka ziligeuka ziwa, likameza mashamba ya bondeni na mahali ulipokuwa Tanasi, mji wa Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hilo, uliompa samaki huyu jina lake.