Chumvi Ikiumia Je? Umbea wa Mpira wa Minnesota

Mambo vipi jamani, karibuni tena. Msinishangae na koti ndani ya gari, ndiyo kwanza nimetoka shifti ya usiku, hita haijashika na nje ni theluji tupu. Leo nawaletea umbea wa mpira. Siyo mpira wetu, ule wa Wamarekani wa kushika kwa mkono na kugongana vichwa kama beberu.

Timu ya hapa Minnesota ni Vikings. Sasa kwenye mpira huu kuna mtu anaitwa kwotabaki: anadaka mpira, anatafuta wa kumrushia, na kabla hajakohoa pande la mtu la kilo 130 limeshamfikia. Huyo akiwa mbovu, mmekwisha.

Mwaka 2024 walimsajili Sam Darnold kwa mwaka mmoja, dola milioni 10. Watu walishamzika kitambo. Kinda waliyemtegemea, J.J. McCarthy, akaumia goti kabla ligi haijaanza, basi Darnold akaingia. Mechi 17, akashinda 14! Lakini ya mwisho Detroit wakawapiga 31-9, na kwenye mtoano timu ya Rams 27-9, siku hiyo Darnold kaangushwa mara tisa. Wakamwacha aondoke. Seattle wakamdaka, miaka mitatu, dola milioni 100.5.

Vikings wenyewe walikuwa na hesabu yao. Ligi ya huku mishahara ina kikomo, na kinda analipwa kidogo. Kwa hiyo cheza na kinda, hela inayobaki nunua mapande ya watu.

Kazini kuna mzee mmoja, kofia yake ya zambarau havui hata akila. Kunielewesha akapanga vitu mezani: kichupa cha chumvi ndiye McCarthy, pakiti za ketchapu walinzi wake. "Umeona alivyozungukwa? Kocha O'Connell anajua anachofanya." Dada wa jikoni anapita na trei, akainyakua ile chumvi. "Na hii ikiumia?"

Mzee kimya.

Mimi niko na huyo dada. Kumwamini kinda siyo kosa, kosa ni kujaza kikosi kote halafu nyuma yake hakuna mtu wa maana. Kwotabaki wa akiba, Carson Wentz, walimleta Agosti 2025 inaishia, ligi hiyo inaanza! McCarthy akaumia kifundo mechi ya pili tu. Wentz akaingia, naye bega likamwisha. Novemba wakaenda Seattle, kwa Darnold huyohuyo, na Max Brosmer, mgeni ambaye kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya, hakuna iliyomchagua. Wakala 26-0, na mipira minne aliwarushia wapinzani mikononi. Hebu fikiria mtu aachwe Msimbazi, ahamie Jangwani, halafu derby iwe hivyo!

Na haijaisha. Februari 2026 Darnold kabeba Super Bowl, fainali ya ubingwa wao, akiwa na Seattle.

Jumatatu yake mzee kaja kazini kichwa wazi, na baridi lote hili. Kakaa, kala supu yake bila chumvi.